Wasomaji Wauliza: Je, Katalogi ya Zamani ni Shahidi wa Mavazi?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani wa kikundi cha maigizo. Igizo tunaloandaa linatokea Marekani mwaka 1896, nami nimepata nakala ya katalogi ya mavazi iliyotolewa Chicago wakati huo. Mwenzangu anasema katalogi ni tangazo la biashara tu, na kwamba nikiifuata nitawapotosha watazamaji. Je, ni kweli? Na maduka hayo yalianzaje kuuza nguo kwa posta?

JIBU: Mwenzako hajakosea, ila ameishia njiani. Katalogi ni tangazo, lakini ni tangazo linalotaja kitambaa, bitana, vipimo na bei, na mara nyingi likaongeza ahadi ya kurudisha fedha. Mfanyabiashara Aaron Montgomery Ward, aliyeanza kuuza kwa posta Chicago mwaka 1872 kwa karatasi moja yenye bidhaa 163, alitoa ahadi hiyo mwaka 1875. Muuzaji aliyejifunga namna hiyo alijua kwamba akiita koti la pamba "sufu tupu", vifurushi vingemrudia. Kwa hiyo anza na maandishi, kisha ndipo utazame picha.

Biashara yenyewe haikuanzia Marekani. Mwaka 1861, katika mji wa Newtown huko Wales, muuza vitambaa Pryce Pryce-Jones alianza kuwatumia wateja wa mbali orodha za flana ya kwao, yaani kitambaa laini cha sufu. Reli ilikuwa imefika mjini humo miaka michache tu kabla, na bila reli na posta ya kuaminika asingefika popote. Kufikia mwaka 1879 alikuwa na bohari kubwa kando ya stesheni. Huko Paris, duka la Bon Marché la Aristide Boucicaut lilituma pia vipande vya vitambaa, ili mteja avipapase kwa vidole vyake kabla ya kuagiza. Toronto, Kanada, ilipata katalogi ya duka la Eaton mwaka 1884. Huko Marekani, Richard Sears naye alianza na saa mwaka 1886, na kufikia mwaka 1895 katalogi ya kampuni yake, Sears, Roebuck, ilikuwa na kurasa 532, ikiwa na viatu, kofia na mavazi ya wanawake.

Si ajabu kwamba Sears alianza na saa. Saa moja humfaa kila mtu, lakini gauni halimkai kila mtu. Ndiyo maana nguo zilizouzika kwa urahisi zaidi kwa posta zilikuwa zile zisizobana, kama vile shali, majoho ya begani na shumizi, pamoja na kitambaa cha kukata ambacho mteja alikishona mwenyewe nyumbani. Kwa suti za wanaume, mteja alielekezwa jinsi ya kujipima kifua chini ya kwapa, kiuno, na mshono wa ndani wa mguu, na mara nyingi aliulizwa pia urefu na uzito wake, kwa sababu muuzaji hakuamini sana futi iliyoshikwa na mtu asiye fundi. Wewe unayeshona utaona mara moja kwamba kurasa hizo za maelekezo zina manufaa kuliko michoro yote.

Michoro ndiyo inayodanganya. Wachoraji walizoea kukibana kiuno na kuurefusha mwili kupita kawaida, na kibao cha kuchapia, kwa kuwa kiligharimu fedha nyingi, kiliweza kutumika tena msimu uliofuata chini ya bei mpya. Usikate kiuno kwa kufuata mchoro. Kifuate kipimo kilichoandikwa.

Liko jambo jingine ambalo binafsi naliona kubwa kuliko hilo. Katalogi huonyesha nguo iliyokuwa mpya dukani; haionyeshi ile iliyokuwa imening'inia msumarini nyumbani. Mikono iliyovimba begani ilifikia kilele chake mwaka 1895, kisha ikanywea haraka, na mwaka 1897 ilikuwa tayari imepungua sana. Katika igizo lako la mwaka 1896, binti anayependa fasheni anaweza kuvaa mkono ulioanza kupungua, lakini mama yake mkulima avae blausi ya miaka kadhaa nyuma, na koti lililorekebishwa mara mbili. Kumbuka pia kwamba wateja wengi wa maduka haya walikuwa watu wa mashambani. Mke wa tajiri wa mjini alikuwa na mshonaji wake, hivyo usimtafute humo.

SWALI: Katalogi yangu ya Marekani imepoteza jalada na haina mwaka popote. Nitaujuaje umri wake?

JIBU: Fungua kurasa za maelekezo ya usafirishaji. Huduma ya vifurushi ya posta ya Marekani ilianza tarehe 1 Januari 1913. Kabla ya hapo posta haikupokea kifurushi kilichozidi ratili 4, na mizigo mizito ilipelekwa na kampuni binafsi. Katalogi inayosisitiza ratili 4 ni ya kabla ya mwaka huo. Ukishamaliza kurasa hizo, tazama sketi: ile inayobana vifundoni mpaka hatua inakuwa fupi ni ya takriban mwaka 1910 hadi 1914, na ile inayokaribia magoti ni ya katikati ya miaka ya 1920.

SWALI: Mbona katalogi nzima ni adimu, ilhali zilichapwa kwa wingi?

JIBU: Ilipofika mpya, ya zamani ilipelekwa chooni, au watoto waliikata wanasesere wa karatasi. Zilizosalimika zilichapwa kwenye karatasi ya rojo la mti yenye asidi, inayogeuka manjano na kukatika pembeni. Ukiwa nayo, usiibandike gundi ya plastiki, na usiikandamize kwenye mashine ya kunakilia. Ifungue nusu tu, uiegemeze pande zote mbili, kisha uipige picha kutoka juu.