Mwaka 1966 kwenye mwili wa Barbie

Ndugu, umeuliza iwapo Barbie uliyeachiwa na shangazi yako alitengenezwa mwaka 1966, kwa kuwa mwaka huo umechapwa kwenye makalio yake, na iwapo nguo zake zina thamani yoyote. Mwaka huo si wa kutengenezwa. Ni wa hakimiliki ya umbo la mwili, na kampuni ya Mattel iliendelea kuuchapa kwa miongo kadhaa. Tazama badala yake jina la nchi lililo karibu nao: Japani huashiria mwanasesere wa zamani, ilhali Malaysia au China huashiria wa baadaye sana.

Nguo, kwa maoni yangu, ndizo za kuchunguzwa zaidi. Zile za mwanzo, kuanzia 1959, zilibuniwa na Charlotte Johnson, ambaye alikwenda Japani kusimamia ushonaji wake, na ndiyo maana utakuta bitana, zipu ndogo zinazofungika kweli na lebo ya kitambaa yenye jina la Barbie. Usizifue kabla ya kuhakikisha kwamba rangi haichuji. Viatu, glavu na mikoba hupotea kirahisi (viatu hasa!), kwa hiyo pekua sanduku lote hadi pembeni.

Ikiwa ana hereni za metali, zitoe mapema, kwa sababu zikishika kutu huacha doa la kijani kwenye plastiki ya masikio, na doa hilo likishapenya ni vigumu kuliondoa bila kufifisha rangi ya ngozi.