Hizo nukta mkato zako

Mwanangu Zawadi,

Umeniuliza nukta mkato (;) huwekwa wapi, maana msimamizi wako amekurudishia sura ya pili akizizungushia wino mwekundu. Jibu ni fupi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: hapo weka mkato, kwa sababu “usipoziba ufa” peke yake inaning’inia. Lakini “Mla ni mla leo; mla jana kala nini?” kila upande unasimama kwa miguu yake, na bado unamtazama mwenzake. Herufi inayofuata iwe ndogo. Basi.

Ila nadhani ulichotaka kujua ni kama umtii. Mimi niliwahi kutii.

Unaijua taipureta iliyo juu ya kabati la bibi yako. Tulipojifunza kuchapa, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikaa juu ya nukta mkato, pembeni ya L, kutwa nzima. Kwa hiyo nilipopewa kuandika muhtasari wa kikao cha ushirika, niliorodhesha hivi: Salehe, mwenyekiti; Asha, mweka hazina; Yohana, mjumbe; nami, katibu. Bosi akasoma, akauliza, “Hawa nzi wametoka wapi?” Akaagiza nichape upya kwa mikato mitupu. Nikachapa.

Karani wa malipo hakuwa akitujua. Akahesabu mikato, akapata watu wanane, akaandaa bahasha nane za posho. Nne zilizozidi sikuziona hata kwa macho; barua ya kujieleza niliiandika mimi. Baba yako hucheka kila nikisimulia. Mimi bado sicheki.

Ndiyo maana nimewaambia tangu mkiwa wadogo: mhurumie msomaji. Hayupo chumbani mwako akuulize ulimaanisha nini. Orodha ikiwa na mikato ndani yake, mpe nukta mkato aone mtu mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

Lakini nisijisifu sana. Zile barua zangu za wakati ule ninazo, na nikizisoma naona nilimwaga nukta mkato hata pasipohitajika, ili ijulikane kwamba nimesoma. Sentensi moja inazo tano. Tano, Zawadi! Msomaji gani atahurumiwa hapo? Pengine bosi alikuwa amechoka nazo siku nyingi, akaja kunifutia zile tatu ambazo ndizo zilikuwa sahihi.

Kwa hiyo simhukumu msimamizi wako. Sijaiona sura yenyewe. Ingawa mtu anayezungushia zote, bila kubakiza hata moja, mimi ningemuuliza kwa adabu kama alizisoma au alizihesabu tu. Nitumie ukurasa mmoja, wowote, nitazame.

Shangazi yako anauliza unakuja lini, nimemwambia Desemba.

Mama yako