Jibu: Ndoo ya mboji inanuka, majirani wanalalamika

Habari mkuu. Umesema ndoo yako ya kuozesha maganda yawe mbolea hapo Sinza inanuka na imejaa funza, japo umeifunika vizuri. Anza na kitako: ina matundu? Yangu haikuwa nayo. Siku nilipoiinamisha, maji meusi yalimwagika koridoni, nikadeki hadi usiku. Toboa kwa msumari wa moto, tega beseni chini. Halafu kila ukitia maganda, mwagia juu maranda makavu, yawe mara mbili yake. Mafundi seremala wa Keko wanayo tele, ila epuka vumbi la mbao zilizopigwa dawa. Maganda ya ndizi sawa, vichwa vya dagaa hapana, mifupa sijajaribu. Harufu kwangu ilikata ndani ya wiki, funza wakachelewa kidogo kuisha.