Maswali ya wasomaji: Breki inayoshika kwa pigo la pili

SWALI: Nina Land Rover Series III 109 iliyokuwa ya jeshi. Nikikanyaga breki, pedali inazama karibu na sakafu. Nikirudia haraka inapanda na gari linasimama. Fundi ametoa hewa kwenye mabomba ya breki mara tatu, hakuna nafuu. Gurudumu la nyuma kushoto lina unyevu kwa ndani. Nianzie wapi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Achana na hewa kwanza. Penye hewa, pedali hubonyea kama sponji hata ukiikanyaga mara kumi. Yako inakuwa ngumu kwa pigo la pili, maana yake shuu (vipande vinavyobana) ziko mbali na ngoma (duara la chuma linalozunguka na gurudumu): pigo la kwanza linazisogeza, la pili linazikuta bado hazijarudishwa na springi. Ingekuwa inashuka taratibu huku umeikanyagia, na hakuna panapovuja, tungeshuku raba za masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali.

Kabla ya kupiga jeki, weka vigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Breki ya mkono ya gari hili hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) inaliacha lizunguke na gari linaweza kuondoka ingawa umevuta breki. Hili limewaponda watu.

Ajasta, yaani vifaa vya kusogeza shuu karibu na ngoma, ziko nyuma ya sahani ya breki, na nyingi zimeshikwa na kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, maana ukizilazimisha zinakatika. Zilegeze kabisa ndipo uvute ngoma, kwa sababu ngoma iliyolika ina ukingo unaonasa shuu. Vumbi la ndani usilipulize kwa upepo: lainingi (tabaka la msuguano juu ya shuu) za zamani zina asbesto. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, kisha ukitupe.

Sasa ule unyevu. Unuse na uusugue kati ya vidole. Ukiwa mzito na wenye harufu kali ya oili ya difu, oili sili ya habu (raba inayozuia oili katikati ya gurudumu) imeisha. Ukiwa mwepesi na unababua rangi, ni mafuta ya breki kutoka silinda ya gurudumu, ile inayosukuma shuu. Kwa vyovyote, lainingi iliyolowa haifai tena. Watu huiosha kwa petroli, lakini ikipata moto oili inatoka upya na gari linavuta upande mmoja. Badilisha shuu za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo.

Fungua gurudumu moja tu kwa wakati, ili la pili likuonyeshe springi zinakaa vipi. Mbele ndiko watu hukosea: kila gurudumu lina silinda mbili, kila moja ikisukuma shuu yake.

Ukishafunga, kaza ajasta hadi gurudumu ligome, kanyaga pedali kwa nguvu shuu zikae mahali pake, kaza tena, kisha legeza kidogo kidogo hadi lizunguke huru. Mbele kuna ajasta mbili kwa kila gurudumu. Ukirekebisha moja na kusahau ya pili, pedali itaendelea kuzama. Mwisho ndipo utoe hewa, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto.

SWALI: Ngoma zangu zina mifereji. Nichonge au ninunue? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Pima kwanza. Ngoma mpya ya 109 ina kipenyo cha inchi 11, yaani milimita 279.4, na inaruhusiwa kuongezeka kwa milimita 0.75 hivi, si zaidi. Chonga za kulia na kushoto kipimo kimoja. Lainingi mpya ndani ya ngoma iliyochongwa hugusa katikati tu: ipake chaki, ifunge, zungusha ngoma, kisha tazama chaki ilipofutika. Hapo ndipo pa kupiga tupa, taratibu, ukiwa umevaa barakoa, mpaka mguso uenee karibu urefu wote wa lainingi.