Kilima cha Amboseli: tupande saa ngapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Agosti tunakwenda Amboseli, tutapiga mahema nje ya lango la Kimana: mimi, baba watoto, vijana wetu wawili na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Tunataka kupanda kile kilima cha kutazamia mbuga. Baba watoto anasema twende baada ya nyama choma ya mchana, jua likiwa kali tuone vizuri. Mama ataweza? Na simba je?
— Msomaji, Kitengela

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto kwamba saa nane mchana Kilimanjaro kwa kawaida huwa umeshajifunika mawingu kitambo. Muwe langoni saa kumi na mbili asubuhi, mwende moja kwa moja kilimani, bila kusimamia kila pundamilia. Kukiwa kweupe mtakiona kilele cha Kibo na theluji yake, na kushoto kwake kilele cha Mawenzi kilichochongoka. Jioni nako mlima hufunguka, ila nyinyi mnalala nje na lango hufungwa saa kumi na mbili. Sipendi kushuka kilima nikikimbizana na saa.

Agosti ina asubuhi zake za mawingu mazito. Mkiukosa mlima, msinune. Huo hata kambini mnaweza kuuona. Mimi nilipokuwa nikiendesha magari ya watalii niliwapandisha watu kilimani kwa ajili ya kinamasi kilicho chini ya kilima. Mvua inayonyesha mlimani huzama kwenye miamba ya volkano, ikapita chini kwa chini na kuibukia hapo, ndiyo maana pana kijani kibichi katikati ya vumbi. Bebeni darubini. Tafuteni tembo aliyetoka majini sasa hivi: tumboni kushuka chini ni mweusi ti, mgongoni bado ana vumbi la kijivu, na mstari umenyooka kama aliyepakwa rangi nusu fundi akaenda kula. Yangeyange humfuata nyuma kuokota wadudu.

Mama ataweza, njia ni fupi. Kupanda hakumtishi mwenye magoti, kazi ipo kwenye kushuka, maana kuna vijiwe vinavyoteleza. Avae raba zenye meno, apewe fimbo, na kijana mmoja atangulie mbele yake, si nyuma. Akichoka kuna vibanda vya kupumzikia.

Simba wapo mbugani, na nyati pia, nao ndio ninaowaogopa zaidi. Hapo kilimani mnaruhusiwa kushuka garini, sehemu nyingi hamruhusiwi. Lakini mkikuta magari yamesimama na watu wamejifungia ndani, na nyinyi kaeni ndani.

Chai na mahamri mnywee huko juu, ndizi ziacheni garini na vioo vimefungwa, kwa sababu ya tumbili. Nyama choma mtaila mchana kambini, saa ambazo chamchela zinapeperusha vumbi la ziwa kavu na hakuna cha maana cha kutazama.