Mtoto wa mbwa kabla ya chanjo ya kwanza

SWALI: Daktari, shikamoo. Tumepewa mtoto wa mbwa wa kienyeji, dume, ana wiki saba. Aliyetupa anasema ameshamchoma "chanjo zote" na dawa ya minyoo amempa. Jumamosi tunampeleka kliniki kwa bajaji. Tumtayarishe vipi, na je, alale na njaa kama watu wanaokwenda kupimwa? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba. Tuanze na hizo "chanjo zote", maana kwa wiki saba haiwezekani. Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga magonjwa ya virusi ya mbwa, yaani distempa (homa inayoshika mapafu na ubongo), pavo (kuharisha damu) na homa ya ini, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Watu hudhani marudio hayo ni biashara ya madaktari. Sivyo. Kinga aliyoinyonya kwa mama yake huizuia chanjo isifanye kazi, na kinga hiyo humwisha kila mtoto kwa siku yake, hata wakiwa wa tumbo moja. Kwa kuwa hakuna anayejua imekwisha lini, tunarudia. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akifikisha miezi 3.

Mdai aliyekupa kadi. Ya kuaminika ina tarehe, saini, na kile kistika kilichobanduliwa kwenye kichupa, chenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Ikiwa na tarehe za kalamu tupu, usishangae daktari akaanza upya. Chanjo hizi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kichupa kilichozunguka mfukoni juani hakina dhamana yoyote.

Njaa, hapana. Mpe nusu ya chakula chake, muda wa saa 3 hivi kabla ya kuondoka. Akishiba sana atatapika njiani, na akilala bila kula, mtoto mdogo hivi sukari ya damu hushuka, akalegea na kutetemeka. Maji usimnyime.

Kazi yenyewe iko katika siku zilizobaki kabla ya Jumamosi. Mara tatu kwa siku, dakika 2 tu, mweke juu ya meza iliyotandikwa taulo. Meza inayoteleza humtisha kuliko hata sindano. Shika vidole vya mguu kimoja kimoja, funua sikio, inua mdomo, kisha mpe kipande cha ini la kuku la kuchemsha, ukubwa wa punje ya harage. Mguso utangulie, ini lifuate. Ukianza kwa kumwonyesha ini, ataliogopa ini lenyewe. Akivuta mguu, legeza mkono na urudi pale anapovumilia.

Ukishainua mdomo, zitazame fizi. Ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, na rangi irudi kabla ya sekunde 2. Fizi zilizopauka kwa mtoto wa umri huu mara nyingi ni safura (minyoo ya tumboni inayonyonya damu), au viroboto na kupe waliomnyonya damu. Hapo usingoje Jumamosi.

Kwenye bajaji asikae mapajani. Tafuta boksi gumu lenye matundu au tenga lenye kifuniko, na ndani utandike taulo analolalia. Mkifika, asikanyage chini kabisa: wagonjwa wa pavo wamepita hapo, na kirusi chake hudumu kwenye udongo miezi mingi, wala sabuni ya kawaida haikiui. Hata mizani ikiwa ya sakafuni, apimwe ndani ya boksi, kisha boksi lipimwe tupu.

Beba kinyesi cha asubuhi hiyo, kijiko kimoja cha chai, kwenye kikopo chenye kifuniko, bila mchanga. Beba pia picha ya pakiti ya dawa ya minyoo. Dozi moja haitoshi, kwa sababu minyoo mingine humpata tangu tumboni na safura hupita kwenye maziwa. Dawa hutolewa kuanzia wiki ya 2, kila wiki 2 hadi wiki ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6, na kila mara kwa uzito wake.

SWALI: Wangu ana kupe wengi. Nimwogeshe dawa ya ng'ombe kwanza, nisiaibike kwa daktari? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Usithubutu. Amitrazi, dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe joshoni, humlegeza mtoto wa mbwa, moyo ukapiga polepole na mwili ukapoa. Na wanaotaka kumchoma ivermektini ya ng'ombe wafanye hesabu: ile ya asilimia 1 kipimo chake kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Kwa kilo 2 ni mililita 0.04, yaani tone. Bomba la sindano la kawaida halipimi tone, na ikizidi hupofuka, hutetemeka na kuzimia. Vaa glavu, ng'oa kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kupinda, kisha kupe huyo mtumbukize kwenye spiriti. Mafuta ya taa, la. Waliobaki daktari awaone, ndipo atajua kama apime damu kwa homa ya kupe.

SWALI: Amechomwa chanjo jana, leo analala tu. Nimpe diklofenaki? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hiyo na ibuprofeni humtoboa tumbo na kuua figo, ziweke mbali. Kulala, kula kidogo na kivimbe pale alipochomwa ni kawaida kwa siku moja au mbili. Uso kuvimba, vipele au kutapika mfululizo si kawaida. Hayo huanza ndani ya dakika au saa chache, ndiyo maana tunawaomba mkae kliniki nusu saa baada ya sindano. Wako akiendelea kulegea kesho kutwa, mrudishe.