Gari Kuukuu Husema Kabla ya Kuzima

Wiki mbili baada ya kuniuzia gari, mzee aliyekuwa mwenyewe alinipigia simu. Nikadhani kuna karatasi tumesahau kusaini. Kumbe alitaka kujua kitu kimoja tu.

"Halijambo?"

Nikamwambia halijambo.

"Ile sili ya mbele kushoto umeiangalia? Nilikwambia itakusumbua."

"Bado, Mzee."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, usiliache hivyo." Hali yangu mimi hakuiuliza mpaka tunaagana.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya 80, lile steshenwagoni la mabega mapana lililoingia sokoni mwaka 1990 na kukaa mpaka toleo la 100 lilipokuja kuchukua nafasi yake. Langu lina injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita kwa mstari, lita 4.2, bila tabo, yaani bila kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada. Ukilipandisha mlima likiwa limejaa watu na mizigo, vigari vidogo vitakupita huku abiria wao wanakuchungulia kwa huruma. Zoea. Lina uzito wa zaidi ya tani mbili na halijawahi kumwahidi mtu mbio.

Wenye magari haya ukiwauliza wanayapendea nini, watakujibu kwamba hayaharibiki. Nami nilikuwa nasema hivyo. Si kweli. Chuma kilichotembea miaka zaidi ya 25 kisiharibike kwa nini? Yanaharibika, ila yanaharibika kwa ustaarabu. Yanaanza kwa kuvuja, au kulia, au kutoa harufu, na kati ya dalili ya kwanza na siku ya kukwama kuna wiki kadhaa, pengine miezi. Pampu ya dizeli ya 1HZ haina kompyuta. Injini ikishawaka, umeme inaouhitaji ili iendelee kunguruma ni ule mdogo tu wa kushikilia njia ya dizeli wazi. Hakuna sensa ya kuamua kwamba leo hatuendi.

Basi ukitaka kununua gari la namna hii, au tayari unalo, kazi yako kubwa ni kujifunza sauti yake. Fundi atakusaidia, lakini fundi hulisikia kwa dakika kumi. Wewe ndiye unayekaa nalo.

Chukua ile sili ya Mzee. Ekseli ya mbele ya 80 ni nzima, chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, na kila ncha ina tufe ambalo ndani yake jointi inazunguka kwenye grisi. Sili ya ndani ndiyo inayotenganisha grisi hiyo na oili ya difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawia magurudumu nguvu. Ikichoka, oili inapenya, grisi inalainika inakuwa kama uji, kisha mchanganyiko huo unachuruzika nje na kulowesha gurudumu kwa upande wa ndani. Gari litaendelea kwenda vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipoponzeka. Niliona unyevu, nikafuta kwa kitambaa, nikaondoka zangu. Miezi minne nikawa nafuta. Siku moja nakata kona usukani umefika mwisho, nikasikia ka-ka-ka-ka chini ya mguu wangu wa kushoto. Ile ni jointi imeshaliwa. Kazi ambayo ingekuwa ya sili, grisi mpya na mchana mmoja wa kuchafuka mikono ikawa ya kununua jointi nzima. Mzee alipopiga tena kuulizia, nilimwambia nimeshabadilisha sili. Sikumdanganya, nilimfupishia tu.

Kwa hiyo kila mwisho wa wiki mimi huinama. Naangalia ndani ya kila rimu, chini ya difu zote mbili, chini ya gia boksi. Tone moja jipya silipuuzi. Naangalia pia kimo cha oili ya difu ya mbele, maana ikipungua na chini hakuna kilichodondoka, basi imehamia kwenye matufe.

Lakini kuna kiungo kimoja cha gari hili ambacho husema uongo, na lazima ukijue mapema: geji ya joto. Mshale wake umetengenezwa kutulia katikati hata joto la maji likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Dereva hana wasiwasi, anaona kila kitu shwari. Ukiuona umeanza kunyanyuka, ujue mambo yalishaharibika muda si mfupi.

Niliyajua haya kwenye mlima mrefu, gari limebeba, jua kali. Mshale katikati, nami naimba. Ikanijia harufu tamu tamu, ile ya dawa ya rejeta. Nikatazama mshale: katikati. Nikataka kuendelea, maana geji imesema tuko salama. Pua ikakataa. Nilipofungua boneti nikakuta bomba la maji limepasuka ufa mwembamba kama uzi, linarusha mvuke. Geji haikusema neno. Na maji yangeisha kabisa, sensa yake ingebaki inapima mvuke badala ya maji, ikaendelea kutoa habari njema. Silinda hedi ya 1HZ, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda kwa juu, ikichemshwa vibaya hupasuka, na hapo huzungumzii tena bomba la mpira.

Tangu siku hiyo nimefunga geji nyingine ya namba, yenye sensa yake. Njia tambarare langu husoma nyuzi 83 hadi 88. Mlimani huenda 95. Ikifika 100 nashusha gia, napunguza mguu, na ikigoma kushuka naegesha. Kama utaongeza kitu kimoja tu kwenye gari hili, achana na taa za juu na bampa la chuma, ongeza hiyo. Na usikubali kujaziwa maji matupu kwenye rejeta. Gereji moja iliwahi kunifanyia hivyo bila kuniambia, na kutu niliyoitoa baadaye ilikuwa na rangi ya matofali.

Kuhusu mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu ziende sawa na pistoni, sitasema mengi. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa ya kukukumbusha. Taa hiyo mtu anaweza kuirudisha mwanzo bila kuugusa mkanda, kwa hiyo ukinunua gari usiiamini. Badilisha mkanda na rola yake wiki ya kwanza. Ukikatika injini inazunguka, valvu na pistoni zinakutana.

Wengine watakushauri ufunge tabo ili lipate nguvu. Wapo waliofanya vizuri, kwa uangalifu na geji za kutosha. Wapo pia waliorudi na silinda hedi yenye nyufa. Mimi nilinunua gari la polepole nikijua ni la polepole.

Mzee alinipa pia daftari, ambalo nililiona la ajabu wakati ule. Halikuwa la sevisi peke yake. Aliandika milio. "Mngurumo mbele kulia, kona ya kushoto tu." Ukurasa unaofuata, kilomita 900 mbele: "Beringi." Ukikata kushoto uzito unaegemea upande wa kulia, ndiyo maana beringi ya kulia ndiyo iliyolia. Sasa naliendeleza mimi, na nimegundua kwamba kuandika mlio kunanilazimisha kuusikiliza vizuri. Huwezi kuandika "kuna kelele". Utajiuliza: wapi, mwendo gani, gia gani, ukikanyaga au ukiachia?

Mlango wa nyuma wa langu hufunguka vipande viwili: kioo kinapanda juu, kipande cha chini kinalala kama benchi. Watu wazima wawili wanakaa wakavua viatu vyenye tope. Nimefanya maamuzi mengi ya maisha yangu nikiwa nimekaa pale, mengine ya kijinga.

Rafiki yangu alinitaka nimsindikize kununua la kwake mwaka jana. Injini tamu, viti visafi, rangi inang'aa, naye ameshalipenda kabla hajalala chini. Nikaingia uvunguni na nyundo ndogo, nikagonga chesisi, ile fremu inayobeba gari lote, pole pole kuelekea nyuma. Ti, ti, ti, sauti ya chuma. Karibu na ekseli ya nyuma sauti ikabadilika ikawa pu, na nyundo ikazama. Sili hubadilishwa, mkanda hubadilishwa, hata injini hubadilishwa. Nikatoka, nikamwonyesha ncha ya nyundo yenye unga wa kutu. Aliitazama, akalitazama gari, akazunguka upande wa pili kwenda kuwasha injini aisikie mara moja tena, kisha akamrudishia mwenyewe ufunguo.